Jinsi ya Kutunza Afya ya Farasi na Poni kwa Kuzingatia Nasaba Yao

Mtu anayenunua farasi kwa mara ya kwanza huuliza bei, umri na rangi, lakini ni nadra aulize nasaba. Swali hilo lilistahili kutangulia mengine yote, kwa sababu nasaba ya mnyama hukueleza mapema ni maradhi gani utakayolazimika kuyachunga kwa miaka yote utakayokuwa naye. Lishe inayomjenga farasi wa mbio humlemaza poni, na uzembe ambao poni huuvumilia msimu mzima humdhoofisha farasi wa mbio katika muda wa wiki chache.

Kwa kipimo kinachotumika katika mashindano ya kimataifa, poni ni mnyama ambaye kimo chake, kutoka ardhini hadi kilele cha mabega, hakizidi sentimita 148 akiwa hana viatu vya chuma. Hata hivyo, kimo peke yake hakitoshi kumtambulisha. Farasi wengi wa Kiarabu hukaribia kipimo hicho na bado huitwa farasi, ilhali poni hutambulika kwa miguu mifupi, shingo nene, tumbo pana na singa nyingi. Poni aina ya Shetland, ambaye asili yake ni visiwa vya kaskazini mwa Scotland, hapaswi kuzidi sentimita 107. Yeye, pamoja na poni wa aina ya Welsh na Connemara, alitokana na wanyama walioishi kwa malisho haba kwenye baridi na upepo, na mwili wake ulizoea kuhifadhi kila chembe ya chakula. Mnyama wa namna hiyo anapofunguliwa katika malisho yaliyonawiri baada ya mvua za masika, shibe ndiyo inayomdhuru.

Thoroughbred, farasi wa mbio, ni kinyume chake. Nasaba hii ilijengwa Uingereza, na kwa upande wa madume inarejea kwa farasi watatu waliotoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Nchini Kenya si ajabu anayeanza kuuziwa Thoroughbred aliyestaafu mbio za Ngong, mwenye ngozi nyororo, moyo mkubwa na kwato zenye kuta nyembamba. Udhaifu wake mkubwa ni vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, hata wakati halina kitu, hivyo farasi anayepewa nafaka mara mbili kwa siku na kuachwa bila majani katikati huunguzwa na asidi yake mwenyewe. Ukiona anaanza kuacha nafaka, au analaza masikio nyuma na kutaka kung'ata kila unapokaza mkanda wa tandiko, usikimbilie kumwita mkorofi. Hakikisha ana majani makavu mbele yake karibu muda wote, punguza nafaka, kisha mwombe daktari wa mifugo amchunguze.

Farasi wa Kiarabu ana kwato ngumu na uvumilivu wa safari ndefu, lakini baadhi yao wamebeba jeni ya upungufu wa kinga. Dume na jike wote wawili wakiwa na jeni hiyo, wanaweza kuzaa mtoto asiye na kinga ya mwili, ambaye hufa kwa maambukizi akiwa na umri wa miezi michache tu. Kipimo cha jeni kipo, na mfugaji anayepandisha bila kukitumia anacheza bahati nasibu kwa uhai wa mnyama. Wale wa rangi ya kijivu, wa nasaba yoyote, wakaguliwe chini ya mkia kila mwezi, kwani wengi wao huota uvimbe mweusi wa ngozi wanapozeeka.

Baada ya kuijua nasaba, kazi inayofuata ni kumjua mnyama wako akiwa mzima. Chukua daftari na wiki moja ya utulivu. Asubuhi, kabla ya kazi, pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za selsiasi, au juu yake kidogo siku ya joto kali. Kisha weka vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapovuka ukingo wa mfupa, uhesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili. Mapigo ya kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika. Pumzi ziwe 8 hadi 16. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, uachie. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde mbili kupita. Mwisho sikiliza ubavu wa kushoto na wa kulia, ambako tumbo lenye afya hunguruma mara kwa mara. Saisi mzoefu hufanya haya yote huku akimpiga brashi, na ndiyo maana yeye huona ugonjwa siku moja kabla ya mwenye mali.

Sasa tuje kwenye laminitisi, ugonjwa ambao kila mwenye poni anapaswa kuuelewa kwa kina. Ndani ya ukwato kuna mfupa ulioshikiliwa na ukuta wa ukwato kwa mamia ya mikunjo laini ya nyama, iliyoingiliana kama vidole vya mikono miwili. Mikunjo hiyo ikivimba na kudhoofika, uzito wote wa mnyama huuvuta mfupa ujitenge na ukuta, na katika hali mbaya mfupa hugeuka ncha chini na kutoboa unyayo. Kwa poni, chanzo kikuu ni homoni ya insulini inayopanda kupita kiasi kutokana na unene na sukari iliyo katika majani mabichi. Chanzo cha pili ni sumu za bakteria, kwa mfano baada ya farasi kuvunja stoo na kula gunia la mahindi, au kondo la nyuma kubaki tumboni baada ya kuzaa. Chanzo cha tatu ni mguu mmoja kubeba mzigo wa mwingine ulioumia: farasi Barbaro, mshindi wa mbio za Kentucky Derby za Marekani mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baadaye, na kilichomlazimu daktari kumlaza milele Januari 2007 kilikuwa laminitisi ya miguu iliyosalia.

Dalili zake hazijifichi kwa anayezijua. Poni husimama akiwa ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameisukuma mbele ili kuuweka uzito visiginoni. Hugoma kugeuka kwenye sakafu ngumu. Hutembea kana kwamba anakanyaga kaa la moto. Shika nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, utafute mshipa kwa vidole: kwa farasi mzima mapigo hapo ni hafifu hata huyapati, lakini kwa mgonjwa hugonga kwa nguvu. Ukikuta hali hiyo, mtoe malishoni saa hiyo hiyo, umweke bandani juu ya matandiko marefu ya maranda au mchanga laini, uziweke kwato zake ndani ya barafu ikiwa unayo, na umwite daktari. Usimtembeze kwa nia ya kumnyoosha miguu, kwa sababu kila hatua huvuta mfupa zaidi.

Kinga yake ni mizani na subira. Kwa kuwa wengi hawana mizani ya farasi, pima kwa utepe mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu ugawanye kwa 11,880. Jibu ni makadirio ya kilo. Poni mwenye mzunguko wa 150 na urefu wa 130 ana kilo 246 hivi. Anayehitaji kupungua apewe majani makavu ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani chini kidogo ya kilo nne, nayo yalowekwe majini kwa saa kadhaa ili sukari itoke, kisha maji hayo yamwagwe. Mbavu zake zipapasike kirahisi bila kuonekana. Wageni watakaokuja kumsifia poni aliyejaa, mwenye mafuta magumu juu ya shingo, wanasifia ugonjwa. Poni mzee ambaye manyoya yake marefu hayapukutiki hata wakati wa joto apimwe pia tezi iliyo chini ya ubongo, kwa kuwa tatizo lake huleta laminitisi hiyo hiyo na lina dawa ya kila siku.

Msokoto wa tumbo hauchagui nasaba. Farasi hawezi kutapika, na utumbo wake mpana hujikunja na kuwa mwembamba ghafla upande wa kushoto, mahali ambapo chakula kikavu hukwama kwa urahisi. Atakwangua ardhi, atautazama ubavu wake, atalala na kuinuka, atajibiringisha huku akitoka jasho. Ondoa chakula chote, pima mapigo, mtembeze polepole ikiwa anatembea kwa hiari, na usimnyweshe mafuta wala soda kwa chupa, kwa maana kikiingia mapafuni utakuwa umemwongezea homa ya mapafu. Mapigo yakizidi 60, au ufizi ukibadilika rangi kuwa ya zambarau, hiyo ni dharura ya dakika.

Katika mazingira yetu kuna hatari mbili ambazo miongozo ya Ulaya huzitaja kwa nadra. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo hutumika sana kwa ng'ombe, huweza kusimamisha utumbo wa farasi, kwa hiyo usimpitishe kwenye josho la ng'ombe. Vilevile chakula cha kuku au ng'ombe kilichotiwa dawa ya monensini huharibu misuli ya moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Tenga ndoo na stoo.

Iliyobaki ni homa ya farasi ya Afrika, ambayo huenezwa na usubi wanaouma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Punda na pundamilia huibeba virusi vyake bila kuugua sana. Farasi aliyepatwa na aina ya mapafu mara nyingi hufa, akitokwa na povu puani, na katika aina ya moyo vishimo vilivyo juu ya macho huvimba. Haiambukizi kwa kugusana. Mwingize farasi bandani kabla ya jua kuzama, ziba madirisha kwa wavu wa matundu madogo, na uwashe feni ikiwa una umeme, kwani usubi ni wadudu dhaifu wasioweza kuruka dhidi ya upepo. Chanjo itolewe kabla ya msimu wa mvua kwa ushauri wa daktari, majike wenye mimba wakitajwa waziwazi, na farasi apumzishwe kazi nzito baada ya sindano. Anayeshukiwa kuugua aripotiwe katika ofisi ya mifugo, na mzoga usilishwe mbwa, kwa sababu wao huambukizwa kwa kula nyama yake.

Unapompigia daktari simu, anza na nasaba, umri na uzito, kisha joto, mapigo, pumzi na rangi ya ufizi, ukitaja saa ulipovipima na hali yake ya kawaida iliyomo daftarini. Mweleze alichokula tangu jana, mara ya mwisho alipotoa kinyesi, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hata ile ambayo saisi alimpa kwa siri.