Tonge na maji baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo
Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, hata akisharuhusiwa kula chakula cha kawaida, asiteremshe tonge kwa maji kama alivyozoea, kwa kuwa tumbo lililobaki ni dogo na maji hulijaza kabla chakula chenye protini hakijaingia. Anywe mafunda madogo madogo kutwa, na baada ya mlo asubiri takriban dakika 30. Aanze na samaki au yai, akitafuna mpaka kilichomo kinywani kilainike kama uji, ndipo aonje ugali, ambao, kama tulivyojionea nyumbani kwetu, hufanya donge na kukwama kifuani. Kisahani cha kikombe cha chai kinamtosha. Vidonge vya vitamini alivyoandikiwa na daktari asiviache, hata akijisikia mzima kabisa.