Namna ya Kuongoza Molekuli Ndogo Zijipange Kando ya Seli Hai

Molekuli ndogo inayoelea peke yake majini, na molekuli hiyo hiyo ikiwa imeungana na maelfu ya wenzake kuwa uzi, ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya seli. Ya kwanza huenda isiidhuru. Ya pili yaweza kuifunika, kuizuilia virutubisho na hata kuiua. Kwa hiyo anayetaka kuua seli za saratani kwa njia hii hatafuti sumu kali, bali anatafuta uwezo wa kuamua molekuli zake zitaungana wapi na lini.

Anza na kiini cha molekuli ambacho tabia yake inajulikana. Mwaka 2003 Meital Reches na Ehud Gazit walionyesha kwamba fenilalanini mbili (fenilalanini ni asidi amino, tofali mojawapo la protini) zilizoungana, mfuatano uliomo pia ndani ya protini ya amiloidi inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, hujipanga zenyewe majini kuwa mirija yenye upana unaopimwa kwa nanomita. Sehemu zinazokwepa maji hukimbiliana, pete za kaboni hulaliana, na vifungo vya haidrojeni hukaza mpangilio huo. Ukiongeza kundi la naftalini (pete mbili za kaboni) mwanzoni mwa peptidi hiyo, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, hamu ya kuungana huzidi.

Kisha ifunge hamu hiyo kwa kufuli. Kufuli lililozoeleka ni fosfati iliyobandikwa kwenye tairosini, asidi amino nyingine ndani ya peptidi: chaji zake hasi huzifanya molekuli zisukumane na kuyeyuka vizuri. Ufunguo ni fosfatasi ya alkali, kimeng'enya ambacho baadhi ya seli za saratani, mfano Saos-2 zilizotokana na saratani ya mfupa, huwa nacho kwa wingi juu ya utando. Kimeng'enya kinapokata fosfati, nyuzi huanza kujengeka pale pale seli ilipo. Napendekeza asidi amino za umbo la D (taswira ya kioo ya zile za kawaida), ambazo vimeng'enya vinavyovunja protini huzishindwa, ilhali fosfatasi huendelea kuikata fosfati yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walitumia mbinu hii kutanda wavu wa nyuzi kuzizunguka seli za saratani.

Hatua inayostahili muda wako mwingi ni kupima ukolezi wa chini ambao molekuli huanza kujipanga. Tengeneza mfululizo wa miyeyusho katika bafa (mmumunyo unaoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.4 kwenye nyuzijoto 37, kila mmoja ukiwa na nusu ya ukolezi wa uliotangulia, kisha upime mtawanyiko wa mwanga au mng'ao wa pireni, kemikali ambayo mng'ao wake hubadilika molekuli zikijipanga. Fanya hivyo mara mbili: kwa molekuli yenye fosfati, na kwa ile iliyokwisha kukatwa. Dozi utakayowapa seli lazima iwe kati ya namba hizo mbili, na pengo likiwa jembamba ni afadhali urudi kuichora molekuli upya kuliko kuendelea kwa kubahatisha. Rudia kipimo ndani ya chakula chenyewe cha seli, kwa kuwa chumvi na albumini, protini ya damu, huibadili namba. Tena seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula hicho, ina fosfatasi yake, na kuipasha seramu joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hakuhakikishi kwamba fosfatasi hiyo imezimika. Weka molekuli kwenye chakula kisicho na seli, uone kama nyuzi zitatokea.

Kasi nayo ina uzito sawa na ukolezi. Kimeng'enya kikiwa kichache, molekuli zilizokatwa husambaa na kupotea kabla hazijafikia kiwango cha kuungana, na hivyo ndivyo seli zenye fosfatasi haba zinavyosalimika. Uteuzi wa seli unatokana na mbio hizi kati ya kukatwa na kusambaa.

Nyuzi zikiwa nyingi huyashika maji yakawa jeli; kuithibitisha, pindua chupa juu chini uone kama haitiririki. Kwa nyuzi utahitaji darubini ya elektroni, lakini kumbuka kuwa kukausha sampuli kwaweza kuzalisha nyuzi ambazo hazikuwamo majini; linganisha na mtawanyiko wa mwanga.

Usikubali matokeo yoyote bila vilinganisho. Tumia kizuizi cha fosfatasi kinacholingana na aina iliyo kwenye seli zako: levamisole kwa aina inayopatikana katika mfupa na ini, L-fenilalanini kwa aina ya kondo la nyuma. Ongeza na molekuli yenye fosfati ile ile ambayo fenilalanini zake zimebadilishwa kuwa alanini, hivyo haiwezi kujipanga. Seli zikifa hata kwa hiyo, kujipanga sicho chanzo cha kifo. Kipimo cha MTT, kinachotumia rangi kuonyesha seli zilizo hai, kinaweza kupotoshwa na nyuzi zinazonasa rangi. Kwa hiyo weka visima (vishimo vya sahani ya majaribio) visivyo na seli, na upime ATP, molekuli ya nishati ya seli hai, au uhesabu seli zenyewe kabla ya kutamka kwamba zimekufa.