Mkitoka na wajukuu, mdogo ndo aongoze njia

Mabibi na mababu wenzangu, mkienda kutembea na wajukuu msituni au kando ya mto msipange kufika mbali, mwacheni yule mdogo kabisa atangulie na nyie mfuate mwendo wake, akisimama simameni, maana hapo kuna kitu amekiona ambacho sisi wakubwa tumeshakipita bila hata kukitazama.

Bebeni lenzi ndogo ya mkononi alafu tafuteni gogo lililooza. Kuligeuza ni kazi ya mtu mzima, watoto wakae nyuma yako, na unashika ule ukingo wa mbali kwa kijiti unauvuta kuja kwako, hivyo kama chini kuna nyoka au nge gogo lenyewe linakuwa ngao. Kukiwa salama waite wahesabu miguu! Sita ni mdudu, nane ni buibui au ndugu zake, na wakikuta wenye miguu mingi waambie waangalie pingili za mwili, tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili ila jongoo pingili zake nyingi zina jozi mbili mbili. Tandu anauma, asishikwe. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukaa hapo muda mrefu sana na maswali hayaishi, na mi nayapenda hayo maswali kuliko kitu chochote.

Mkimaliza rudisheni gogo taratibu, hao viumbe wanahitaji ule unyevu na giza. Maji na kofia msisahau, na mtoke asubuhi jua likiwa bado halijakolea.