Risasi za Kasi ya Wastani Katika Rivolva ya Magnum: Kuzichagua, Kuzipiga na Kusafisha Silinda Baadaye

Mtu anayenunua rivolva ya .357 Magnum kwa mara ya kwanza hapa Marekani aghalabu hununua papo hapo kisanduku cha risasi za magnum, kwa kuwa jina hilo ndilo limechongwa kwenye mtutu. Huenda nazo uwanja wa shabaha, akapiga sita, pengine kumi na mbili, kisha akarudi nyumbani kiganja kikimwaka na jicho likiwa limejifunza kufumba kabla ya mlio. Tangu siku hiyo bastola hulala kabatini. Tatizo hapo si bastola wala mpigaji, bali ni chakula alichoilisha, na dawa yake, yaani kuilisha risasi za kasi ya wastani za .38 Special, ni nyepesi, ingawa ina gharama ndogo ya usafi ambayo wauzaji wengi hawaisemi.

Risasi ya .357 Magnum ilitolewa mwaka 1935 kwa kurefusha ganda la risasi kongwe zaidi, .38 Special, iliyobuniwa na Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Upana wa vichwa vya risasi hizo mbili, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha, ni mmoja, takribani milimita 9.1, kinachotofautiana ni urefu wa ganda, yaani milimita 29.3 kwa .38 Special na 32.8 kwa magnum. Milimita hizo tatu na nusu hazikuongezwa kwa ajili ya baruti pekee, kwani zinakusudiwa hasa kuizuia risasi ya magnum isiingie katika rivolva ya zamani ambayo chuma chake hakiwezi kuihimili. Kiwango cha juu cha shinikizo kinachokubaliwa na viwanda vya Marekani ni pauni 17,000 kwa inchi mraba kwa .38 Special ya kawaida, na pauni 35,000 kwa .357 Magnum, maradufu na ushei. Kutokana na hayo inafuata kanuni moja isiyo na kighairi: rivolva ya .357 Magnum hupiga risasi za .38 Special kwa usalama kamili, lakini rivolva ya .38 Special haipigi magnum kamwe, hata kama kwa bahati mbaya chemba zake, yaani matundu ya silinda yanayopokea risasi, zitaikubali.

Tofauti hiyo mkononi ni kubwa. Risasi ya .38 Special yenye kichwa cha greni 158, yaani gramu 10 hivi, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 230 kwa sekunde au karibu na hapo, ilhali magnum ya uzito uleule hukaribia mita 376. Ukipiga hesabu ya nishati, ya kwanza hubeba kama jouli 270 na ya pili zaidi ya 720. Isitoshe, mita 376 ni mwendo unaopita ule wa sauti hewani, kwa hiyo magnum huongeza mpasuko wake wa angani juu ya mlio wa mdomo wa mtutu, na mpasuko huo husumbua sana ndani ya uwanja wenye paa. Vizibo vya masikio na miwani ni lazima kwa zote mbili, ila kwa magnum chini ya paa mimi huvaa vizibo vya ndani na vya nje kwa pamoja.

Dukani, yasome maandishi ya kisanduku polepole. Namba 38 imeandikwa juu ya visanduku vya risasi zisizohusiana: .38 S&W ni fupi na nene zaidi, .38 Super ni ya bastola za kujipakia zenyewe, na .380 Auto ni risasi fupi ya bastola ndogo za mfukoni. Wewe unatafuta maneno kamili .38 Special, hakuna zaidi. Alama ya +P ikifuatia, maana yake shinikizo limeongezwa kidogo. Rivolva yako ya magnum haitashtuka, lakini kwa mazoezi hakuna sababu ya kuilipia. Kwa mtu anayeanza ningependekeza ile yenye kichwa bapa cha greni 148 kilichozama chote ndani ya ganda. Huenda taratibu, mita 210 hivi kwa sekunde, na badala ya kuirarua karatasi ya shabaha huikata tundu la duara safi kana kwamba limetobolewa na mashine ya ofisini, jambo linalorahisisha sana kuhesabu alama. Udhaifu wake ni kwamba ukiwa na haraka haiingii chembani kwa wepesi, kwa sababu haina ncha ya kuiongoza.

Wapo wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani, na ni burudani halali katika sehemu kubwa ya nchi hii. Ina vipimo na majedwali yake, wala haijifunzwi kwa ukurasa mmoja, kwa hiyo hapa nazungumzia risasi za kiwandani tu. Na msomaji mgeni akumbuke kwamba sheria ya shirikisho huwakataza wengi wa walioingia kwa viza ya muda, wanafunzi na watalii wakiwamo, kumiliki silaha na hata risasi zenyewe, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukazi wa kudumu yuko katika hali tofauti, lakini naye huongezewa masharti ya jimbo lake.

Sababu ya pili ya kupendelea kasi ya wastani ni uhai wa bastola, na mfano wake maarufu ni Model 19 ya Smith & Wesson, rivolva nyepesi kiasi iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Ilifanywa iwe ya kubebwa mchana kutwa, ipigwe magnum mara chache na .38 Special mara nyingi. Baadaye zikapendwa risasi za magnum zenye kichwa kifupi cha greni 125, zinazokimbia kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde, na baadhi ya bastola hizo zikaanza kupasuka nyuma ya mtutu, katika ile sehemu iliyopanuka kidogo ili kukipokea kichwa kinapotoka kwenye silinda, ambayo nitaiita koo. Katika muundo huo koo limekatwa bapa upande wa chini ili kuupisha mkono wa silinda, na hapo chuma ni chembamba. Maelezo ya mafundi wengi ni kwamba kichwa kifupi hutoka gandani mapema mno, moto wa baruti ukalipuliza koo lingali halijazibwa. Kampuni hiyo ilileta fremu nene zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo ukiwa na Model 19 ya zamani, uliyoirithi au kuinunua mkononi, kabla ya kuipiga liangalie koo kwa tochi, hasa upande wa chini, na ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, ipeleke kwa fundi bila kuifyatua.

Uwanjani, ishike bastola kwa mikono miwili, vidole vyote vikae nyuma ya silinda. Kati ya silinda na mtutu pana upenyo usiozidi robo ya milimita, na kila mfyatuo hutema hapo gesi ya moto na chembe za madini ya kichwa. Aliyezoea bastola nyingine akakipeleka kidole gumba mbele atajuta, hata kwa risasi hizi za upole.

Kisha usikilize. Risasi za kasi ndogo zina hatari moja ambayo mpigaji wa magnum haikumbuki sana, nayo ni kichwa kukwama ndani ya mtutu kwa sababu baruti ilikuwa pungufu au haikuwamo kabisa. Dalili yake ni mlio wa "puf" mahali pa mlio kamili, bastola isirudi nyuma, na karatasi isiwe na tundu jipya. Hapo simama. Ukifyatua nyingine nyuma ya kichwa kilichokwama, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 au zaidi bila kufanya lolote, kwa kuwa huenda ni risasi iliyochelewa tu kuwaka. Baada ya hapo fungua silinda, toa risasi zote, na pitisha ufito wa mbao au wa shaba mtutuni ili uhakikishe kuwa uko wazi. Silinda ikikataa kufunguka, inawezekana kichwa kimekaa nusu mtutuni na nusu silindani, kikawa kama komeo. Usilazimishe, mwite msimamizi wa uwanja huku mtutu ukiendelea kuelekea shabaha.

Wakati wa kutoa maganda, inua mdomo wa mtutu juu, kisha kisukume kijiti cha kutolea maganda mara moja kwa nguvu, hadi mwisho. Mtutu ukiwa umeinama, punje za baruti isiyoungua huanguka chini ya ile nyota inayoyanyanyua maganda, na punje moja tu huizuia nyota isikae sawa, silinda ikawa nzito kuzunguka na mwenye bastola akadhani imeharibika. Nimeshuhudia mtu akilipia ukaguzi wa fundi kwa kosa ambalo mswaki ungelimaliza.

Sasa nifikie ile gharama niliyoitaja. Ganda la .38 Special ni fupi kuliko chemba iliyochongwa kwa magnum, na kila unapofyatua, masizi na madini hujibandika mbele ya mdomo wa ganda, palepale ambapo ganda refu lingefunika. Baada ya risasi mia kadhaa panajengeka pete ngumu. Mimi nilipiga .38 Special miezi kadhaa nikifuta mtutu tu, kwa kuwa mtutu ndio unaoonekana, na siku niliyotaka kujaribu magnum nne, ya kwanza iliingia hadi kubakiza kama milimita mbili nje, ikagoma. Nilikuwa tayari nimeikandamiza kwa kidole gumba niliponyooshewa mkono na mzee wa njia ya jirani, aliyetikisa kichwa bila kusema neno. Alikuwa na haki. Ganda la magnum likisukumwa hadi mdomo wake ubanwe na pete, hushindwa kutanuka ili kukiachia kichwa, na shinikizo ambalo tayari ni kubwa huongezeka.

Pete hiyo haiondoki kwa kitambaa. Kwanza fungua silinda, toa risasi, kagua chemba zote sita kwa macho na kwa kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine kabla hujaketi. Tandika gazeti, fungua dirisha, vaa glavu. Chovya burashi ya shaba nyeusi katika dawa ya kusafishia silaha, paka kila chemba, na uiache kwa robo saa. Kuiruka hatua hii ndiko kunakowafanya watu wasugue hadi bega liume. Watumiaji wengi wa rivolva huchagua burashi iliyo kubwa kwa namba moja, ile ya bastola za .40, ili nyuzi zibane kuta za chemba. Iingize kutoka nyuma, sugua mara 15 hadi 20 huku ukiizungusha, futa, na utazame kwa mwanga: pete huonekana kama mstari wa kijivu uliokolea karibu na mbele. Rudia mpaka mstari ufutike. Burashi ya chuma cha pua usiikaribishe hata kidogo, maana mikwaruzo yake itashika uchafu kuliko awali. Bastola yenye pako la nikeli isipakwe dawa yenye amonia, kwa sababu ikipenya kwenye nyufa za pako huila shaba iliyo chini yake. Na vile vitambaa maalumu vya kuondolea madini vitumike kwenye chuma kisichoshika kutu tu. Kwenye bastola iliyotiwa weusi vitaondoka na weusi wenyewe.

Chini ya nyota pitisha mswaki mkuukuu, mtutu ukiwa juu. Zile duara nyeusi za usoni mwa silinda ziache zilivyo, kwani wanaozing'arisha huzikuta zimerudi baada ya risasi ya kwanza. Malizia kwa mafuta kidogo kwenye kijiti na kwenye mhimili wa silinda, ila chemba zifutwe ziwe kavu, maana mafuta yakipenya hadi kwenye fataki iliyo kitakoni mwa risasi huweza kuifanya isiwake.

Lugha yetu hapa imetuwekea onyo ambalo Kiingereza hakina: risasi ni ile inayofyatuliwa, na risasi ni madini yenyewe yenye sumu. Vichwa vya .38 Special vya bei nafuu mara nyingi ni madini hayo matupu, na pete uliyoisugua inayo pia. Vitambaa na gazeti vifungwe kwenye mfuko wa takataka, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kikombe cha chai, na nguo zifuliwe peke yake, zaidi sana ikiwa nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Tangu mwaka 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kama kiwango cha kumtambua mtoto aliyeathirika kuliko wenzake, na hicho ni kiasi kidogo mno.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa risasi bandia za mazoezi za .357 Magnum, zisizo na baruti wala fataki. Elekeza mtutu chini na udondoshe moja katika kila chemba bila kuisukuma. Katika chemba safi huteremka kwa uzito wake hadi ukingo wa kitako ugonge silinda, "tik". Ikisita njiani katika chemba yoyote, rudisha burashi kwenye dawa na uanze upya na chemba hiyo.