Kupima jamu ya plamu ukiwa Mbeya

Familia za Mbeya, Tukuyu na Njombe zinazopika jamu ya plamu pamoja zifahamu jambo ambalo mapishi mengi hayalitaji: vipimo vya joto vinavyoandikwa humo ni vya usawa wa bahari, ambako jamu hushika ikifika takriban nyuzi 105 za Selsiasi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na jamu huwa tayari ikikaribia nyuzi 99. Anayeisubiri ifike 105 ataishia na sukari nzito yenye ladha ya kuungua.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni sahani iliyopozwa: dondoshea tone la jamu, subiri dakika moja, kisha lisukume kwa kidole, na uso wake ukikunjamana, epua sufuria mara moja. Kazi hiyo wapewe watoto wakubwa, kwa kuwa wanaipenda sana. Wadogo watoe kokwa mbali na jiko, maana sukari inayochemka huunguza vibaya kuliko maji.

Kwa kila kilo ya plamu, gramu 750 za sukari hutosha, ila itiwe baada ya maganda kulainika, kwani ikitangulia huyakaza. Changanya na plamu chache ambazo hazijaiva sana, kwa sababu ndizo zenye pektini nyingi, yaani kile kinachofanya jamu ishike. Chupa zichemshwe kwa dakika 20 na zijazwe zikiwa bado za moto.