Kusafisha mbegu za tungule (nyanya) kwa maji moto kabla ya kuzisia

Jirani yangu hapa Wete alitaka kusia tungule za vuli kwa mbegu alizozitoa mwenyewe, na shamba zilikotoka lilikuwa na ugonjwa wa madoa ya bakteria. Tumezisafisha pamoja, tulifanya hivi.

Chagua mbegu kwanza. Za dukani zilizopakwa rangi zimeshatiwa dawa, ziache. Mbegu kongwe, na zote za matango, maboga na kunde, usizitie maji moto, zitaharibika. Zilizobaki zifunge kwenye kitambaa chepesi, zisibanane, na utie kijiwe ndani zizame.

Sasa joto, na hapa ndipo kazi ilipo. Tungule na kabichi zinataka nyuzi joto 50 kwa dakika 25. Pilipili boga ni nyuzi 51 kwa dakika 30. Ukizidisha nyuzi chache tu, mbegu hazioti. Ukipunguza, bakteria wanabaki hai. Kwa hiyo usipime kwa mkono. Kipimajoto cha homa nacho hakifai, kinaishia nyuzi 42. Tafuta cha jikoni.

Sufuria juu ya makaa siipendi hata kidogo: chini kunaungua, juu kumepoa. Tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Isuuze kwa maji yaliyochemka ipate joto, kisha changanya humo maji moto na baridi mpaka kipimajoto kitulie pale unapotaka. Wakati huo mbegu ziwe zinakaa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 10. Usiiruke hatua hii, maana mbegu baridi zikiingia ghafla hushusha joto la chupa nzima. Zihamishe, koroga, pima tena. Dakika zianze kuhesabiwa maji yakishafika nyuzi 50 mbegu zikiwa ndani, si kabla. Kila baada ya dakika chache pima. Joto likishuka, nyanyua kifurushi, ongeza maji ya moto kidogo, koroga, ndipo ukirudishe. Kamwe usimimine maji yaliyochemka juu ya mbegu.

Muda ukitimia, opoa na utie kwenye maji baridi papo hapo. Anika kivulini. Sia mapema, mbegu iliyopita kwenye joto haiwekeki sana.

Wengi huniuliza kuhusu Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo. Inasafisha ganda la nje tu; bakteria waliojificha ndani haiwafikii. Kwa mbegu zisizostahimili joto ni sawa: sehemu moja ya Jik kwa nne za maji, dakika moja, kisha suuza vizuri kwa maji yanayotiririka.

Kitalu nacho kiwe mahali ambapo hapakupandwa tungule, biringani, pilipili wala mbatata misimu ya karibuni. Bakteria wa mnyauko hukaa ardhini, na maji moto ya mbegu hayawagusi.