Somo: Kengele ya maji ya ngama kwa transista moja

Mwenye mashua Lamu anaujua uchungu huu: umelala, asubuhi maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yamefunika mataruma (mbavu za mashua). Tuunde kengele kwa transista BC547 (kipande ambacho mkondo mdogo huongoza mkubwa), rilei ya volti 12 (swichi inayovutwa na koili ya sumaku, nayo ndiyo huwasha kengele) na betri.

Hatua ya 1. Geuza uso bapa wa transista ukutazame, miguu yake mitatu chini. Kushoto kolekta, katikati beisi, kulia emita. Usikariri kwa transista zote, nyingine zimepangwa kinyume.

Hatua ya 2. Emita kwenye hasi. Rilei kati ya chanya na kolekta. Sambamba na koili weka dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake uelekee chanya. Ukiiacha, rilei ikizimika koili hurusha volti nyingi, na BC547 huvumilia 45 tu.

Hatua ya 3. Shusha njiti mbili za chuma kisichoshika kutu ndani ya ngama. Moja iende chanya, ya pili ipitie rezista (kipunguza mkondo) ya omu 2,200 hadi beisi. Toka beisi hadi emita weka omu 10,000, mbao zenye unyevu kidogo zisiiamshe.

Hatua ya 4, ndiyo somo lenyewe. Weka mita ya volti kolekta kwa emita. Pakavu inasoma 12: transista imefunga, haipitishi mkondo. Maji ya chumvi yakigusa njiti, inashuka hadi 0.2 hivi: imeshiba, yaani imefunguka kabisa, rilei inabana "tak!". Sasa tumia kitambaa kibichi badala ya maji. Mita inaweza kusimama kwenye 6. Hapo ni katikati, mkondo wa kolekta unafuata wa beisi, na vikuza sauti vinaishi humo. Kwa swichi ni balaa. Koili ya omu 400 ikishiba hupitisha miliampa 30, na transista inakula miliwati 6 tu. Katikati ni volti 6 kwa miliampa 15, yaani miliwati 90. Rilei yenyewe inasitasita.

MASWALI

Kijana wa Matondoni: Ami, transista yangu inakuza mkondo mara 200. Si miliampa 0.15 za beisi zinatosha?

Jibu: Kwa hesabu, ndiyo. Lakini BC547 huanzia 110 hadi 800, huijui uliyopewa dukani. Kwa swichi nipe beisi moja ya kumi ya mkondo wa kolekta: miliampa 3.

Mwanachama wa Malindi: Niliweka rilei upande wa emita, beisi inapata volti 5 kutoka kibao changu cha kielektroniki. Haivuti!

Jibu: Hapo umeingia mtindo wa kolekta ya pamoja, na emita hufuata beisi nyuma kwa 0.7. Rilei ya 12 imepata 4.3. Irudishe kwenye kolekta, na beisi uipe rezista. Mtindo wa beisi ya pamoja utaukuta kwenye redio za masafa ya juu, si kwetu.

Dada wa Shela: Itafaa tangi la maji matamu?

Jibu: Maji matamu hayapitishi umeme vizuri, dada. Ongeza transista ya pili: emita ya kwanza iingie beisi ya pili, kolekta ziungane. Na njiti ya chanya iangalie kila mwezi, huliwa kabla ya mwenzake.